Ng'ombe Anayelamba Ukuta

Kila mzazi anayeniletea binti yake nimfundishe kukimbia huniuliza swali lile lile kabla hata hajaketi. Tumpe nini? Haniulizi binti atakimbia wapi, wala atapumzika siku ngapi kwa wiki. Anataka jina la kitu cha dukani, kitu chenye kifuniko. Nikimwambia mayai, maharagwe, maziwa na usingizi, ananitazama kama mtu anayemficha siri. Mmoja aliniambia peupe kwamba mayai anayo kwake, hakutoka Elburgon mpaka Molo kuja kuambiwa habari za mayai. Wiki iliyofuata nikasikia amempeleka msichana kwa kocha mwingine, mwenye kabati la vidonge.

Wananikera, na sijui kuficha. Lakini nikisema siwaelewi nitakuwa mwongo, kwa sababu nami niliwahi kulitafuta jibu la swali hilo madukani, nikalipata, nikalimeza asubuhi na jioni. Sijawahi kuwaeleza yaliyofuata. Ni maneno mengi, na yanamhusu mama yangu, ambaye bado yuko hai na bado anapenda kusikiliza mazungumzo ya wageni akiwa jikoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tuliishi wawili tu, mimi na mama, juu huku Molo ambako hata Januari unatoka kukamua ukiwa na sweta mbili. Baba alikuwa amefariki zamani. Tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, viazi, na banda la kuku wa mayai ambao mama aliwapenda kuliko baadhi ya jamaa zetu. Nilikuwa nikikamua alfajiri, nikimpelekea mwenye pikipiki maziwa barabarani, kisha nakimbia kupanda na kushuka vilima mpaka jua linapochomoza vizuri. Nikirudi kulikuwa na jembe.

Nilikuwa mzuri katika kukimbia. Sikuwa wa ajabu. Wa ajabu nilikimbia nao na nikaona visigino vyao. Lakini mzuri kiasi cha kutumaini kazi. Huku kwetu kila mtu anajua njia hiyo: zile idara zenye sare zina timu zao za riadha, na siku ya mbio za nyika za kaunti huja watu wao wenye daftari wakasimama karibu na utepe. Mwaka huo walikuwa wametangaza kwamba wangechukua wanawake kumi wa kwanza. Ukichukuliwa una mshahara, una nyumba, una bima, na unalipwa kukimbia. Tangazo lilikuwa na mstari mwingine chini: umri usizidi miaka ishirini na sita. Mbio zilikuwa Jumamosi. Mimi ningefikisha ishirini na saba wiki tatu baadaye. Hakungekuwa na mwaka mwingine.

Sasa, miezi sita kabla ya mbio hizo, nikaanza kuchoka. Sio uchovu wa kawaida ule wa miguu. Nilikuwa nikifika katikati ya kilima nilichokizoea na mwili unasimama wenyewe, kama ng'ombe aliyekataa kuingia kwenye josho. Nikalala mapema zaidi, haikusaidia. Nikamwambia kocha.

Kocha wetu alikuwa amekimbia ng'ambo enzi zake, na alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu msomaji atataka kumchukia. Alikuwa akitufundisha wasichana watano bila malipo, akitusubiri kwenye baridi na saa yake shingoni. Alinisikiliza, akanitazama macho, akaniambia nimepungukiwa na madini. Sio chuma, alisema, chuma kila mtu anakijua. Ni yale madini madogo, yanayotakiwa kwa kiasi kidogo sana, na mojawapo linaitwa selenium. Akaeleza kwamba mvua ya huku juu imeosha udongo, udongo hauna selenium, basi viazi havina, basi sisi tunaokula viazi hatuna. Wazungu wanajua haya, ndiyo maana wanatembea na vidonge vyao. Misuli bila selenium, alisema, ni gari bila oili.

Nilishawishika kabisa. Hata leo nikiyarudia maneno hayo nayaona yana mantiki. Akanipa kichupa cheupe kilichoachwa na mgeni wake mmoja, karatasi ya nje imebanduka nusu. Viwili kila asubuhi. Kuhusu chakula hakusema mengi isipokuwa kwamba nipunguze, kwa sababu mkimbiaji mzito anabeba mzigo usio na mshahara.

Nikapunguza. Chai ya rangi asubuhi, uji saa nne, ugali na sukuma mchana, viazi usiku. Maziwa na mayai tulikuwa tunauza.

Baada ya wiki tatu sikuona tofauti, na mimi si mtu wa kusubiri. Siku moja nilishuka Nakuru na trei za mayai ya mama kwa mteja wetu wa sokoni. Nilipomaliza nikaingia katika duka moja la virutubisho, lenye picha ya mwanamume mwenye mikono minene mlangoni. Dada aliyekuwa ndani aliniuliza swali moja tu, kama nakimbia. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza ninakula nini, wala kama kuna kitu kingine ninachomeza. Alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka akashusha kopo. Selenium, akasema, wakimbiaji wote wanachukua hii. Nilinunua kwa pesa za mayai. Mama alijua, nilimwambia ni dawa ya mbio, akasema nisiwe na wasiwasi, kuku wapo.

Kocha sikumwambia. Angedhani nadharau vidonge vyake. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa nameza vya kocha, jioni nameza vya dukani. Sikujumlisha. Nilikuwa na hesabu nzuri shuleni.

Kuna mtu mwingine wa kumtaja hapa. Kwenye mteremko wa barabara yetu alikuwa amepanga chumba msichana mmoja aliyetoka magharibi, kwao Kakamega, akiwa amemfuata shangazi yake aliyefanya kazi kiwandani. Alikuwa akikimbia peke yake, bila kocha, na viatu vya mtumba. Kila Jumamosi alikuja kwetu kununua mayai sita. Mama alikuwa akimtania. Akishaenda, mama alisema watu wa kwao ukiwapa kuku watakula hata kivuli chake. Nami nilicheka. Nilimwona msichana asiyejua mambo, asiye na mtu wa kumwambia kwamba udongo wa huku hauna kitu.

Mama naye alikuwa na macho yake. Mtu aliyefuga ng'ombe miaka arobaini haangalii watu kama wengine wanavyoangalia. Akimwona mtoto amekonda anatazama nywele kwanza, kama anavyotazama manyoya ya ndama. Nilikuwa na tabia, nikirudi kutoka mazoezini, nimekaa kwenye ngazi nafungua viatu, ya kulamba chumvi ya jasho iliyokauka kwenye kiwiko cha mkono. Wakimbiaji wengi hufanya hivyo bila kufikiri. Mama aliniona mlangoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfugaji yeyote wa Molo atakuambia maana yake: ng'ombe anayelamba ukuta anakosa madini. Humpigi, humwiti daktari. Unamwekea chumvi yake, ile ya unga unga inayouzwa kwenye duka la dawa za mifugo, na baada ya siku chache ukuta anauacha.

Uji wangu wa saa nne, niliokunywa baada ya mazoezi, alikuwa akiupika yeye.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Mama aliniuliza siku moja ni nani amenilisha kitunguu saumu. Hatukuwa na kitunguu saumu nyumbani. Nikapiga mswaki, harufu ikabaki. Ilikuwa inatoka ndani, na pumzi. Kanisani mama mmoja aliyezoea kukaa karibu nami alianza kukaa karibu na dirisha. Kisha kucha. Ilitokea mistari myeupe ya kukingama, kisha zikaanza kukatika nikimenya viazi, na kuchubuka kama maganda yenyewe. Kisha nywele. Nilikuwa nimesuka mistari; nilipoifumua, chanuo lilijaa nikalitupa, likajaa tena. Tumbo likaanza kukataa chakula. Na hasira, ambayo kusema kweli haikuwa ngeni kwangu, ikawa ya kumfokea hata jogoo.

Hapa ndipo ninapokasirika upya kila nikikumbuka. Watu watatu tuliona dalili hizo, na kila mmoja, kwa siri yake, akafanya jambo lile lile. Kocha alipoona kucha zangu alisema ndiyo hiyo, mwili umepungukiwa kabisa, akaniambia nimeze vitatu badala ya viwili. Mimi nilipoona nywele nilianza vidonge viwili jioni badala ya kimoja. Na mama, alipoona nimekonda na nywele zimekuwa kama za ndama mwenye minyoo, akaongeza kijiko cha pili kwenye uji. Shuleni walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna mwalimu aliyetuambia ufanye nini kibaba kikifurika.

Uji niliulalamikia. Nilisema una ladha ya chuma. Mama akajibu ni sufuria mpya.

Jumamosi ya mbio tulishuka Nakuru mapema, mama akiwa na kitenge chake cha harusi. Nakuru kwetu ni joto, na asubuhi ile ilikuwa na joto na vumbi la chumvichumvi kutoka upande wa ziwa. Wanawake tulikuwa wengi, zaidi ya nilivyotegemea. Wale watu wa daftari walikuwa wamesimama pale pale tulipoambiwa. Nilimwona msichana wa mayai kando ya uwanja, amechuchumaa, anamenya yai la kuchemsha na kulichovya kwenye karatasi yenye chumvi. Aliniona akanipungia mkono.

"Niaje siz," akasema. "Nimebaki na moja. Unataka nusu?"

Nikamwambia sili kabla ya mbio. Nilikuwa nimemeza vidonge vyangu vitatu saa kumi na moja.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa tano. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli na kwa sababu nililitaja kwa watu wengi mno baadaye. Katika mzunguko wa pili tumbo lilijikunja. Wa tatu, kilima kidogo cha nyasi ambacho Molo nisingekiita hata kilima kikanishinda. Miguu ilikuwepo, pumzi ilikuwepo yenye harufu yake, lakini kile kinachoviunganisha hakikuwepo. Wakanipita mmoja mmoja. Ninakumbuka nikihesabu migongo iliyokuwa mbele yangu: nane, tisa, kumi. Mgongo wa kumi ulipopita nilijua kazi imeenda nao, nikaendelea kukimbia kwa sababu mama alikuwa amesimama kwenye utepe amevaa kitenge cha harusi.

Nilimaliza wa kumi na nne. Msichana wa mayai alikuwa wa saba.

Nilipovua viatu, kucha mbili za vidole vya mguu zilibaki ndani ya soksi. Hazikuniuma. Mama aliziona. Alikunja soksi pamoja na kucha zile akaziweka kwenye kiondo chake, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema lolote. Kwa kawaida mama yangu husema hata na miti.

Jumatatu alinipeleka hospitali mwenyewe, Nakuru tena, akiwa amebeba kiondo. Tulipopiga simu hospitali, mpokeaji alikuwa ametuambia tubebe dawa zote ninazotumia. Daktari alikuwa kijana, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshika vidole vyangu anavigeuza kwenye mwanga. Aliniomba nimpumulie. Kisha akaomba nimwonyeshe ninachomeza. Nikaweka mezani kichupa cha kocha. Alisoma nusu ya karatasi iliyobaki, akauliza ni hicho tu. Nikatoa kopo la dukani. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa na wachumba wawili. Akalisoma nalo, akaandika, akajumlisha kwenye karatasi. Akasema imezidi, ila bado hajaelewa. Kucha hazifiki hapo haraka hivyo kwa hizi peke yake. Akauliza kama nina uhakika hakuna kingine.

Nikasema nina uhakika.

Ndipo mama akafungua kiondo. Alitoa kopo la zamani la kahawa, akalifungua polepole, akalisukuma mbele ya daktari. Ndani kulikuwa na unga wa kijivu. Niliutambua. Nilikuwa nikiwamwagia ng'ombe unga huo kila jioni kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ni hii pia," mama akasema. "Nilikuwa naweka kwa uji."

Daktari alilivuta kopo karibu, akanusa, akauliza ni kijiko gani, cha chai au cha kupakulia. Cha chai, mama akasema. Kimoja. Halafu viwili.

Nilimgeukia. Sitaandika nilichomwambia mama yangu mbele ya mgeni, ila nilimuuliza kama alinizaa au alininunua sokoni. Daktari aliniambia nitulie; alisema hata hasira za karibu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, madini hayo yakizidi mtu hukereka ovyo. Mama, kwa sauti ndogo, akamweleza kwamba hapo asinisingizie ugonjwa, nilizaliwa hivyo.

Sikucheka. Leo nacheka kidogo.

Daktari alitueleza taratibu. Mwili unahitaji selenium, ndiyo, kocha hakudanganya. Lakini unaihitaji kidogo sana, na kati ya kidogo kinachotosha na kingi kinachodhuru hakuna nafasi kubwa kama ilivyo kwa chumvi au sukari. Mkimbiaji anayekula vizuri kwa kawaida anaipata yote kwenye sahani. Anayepungukiwa kweli anapimwa kwanza, kisha anapewa, na anayempa anajua amempa kiasi gani. Alituma damu yangu Nairobi, na majibu yaliporudi baadaye yalisema alichokuwa amekisema tayari: imezidi sana. Dawa yake ilikuwa kuacha kila kitu na kusubiri. Nywele zingerudi, kucha zingerudi. Hakutaja kitu kingine kitakachorudi.

Nilimuuliza swali lililobaki. Nilitaka kujua kama mwanzoni kabisa, kabla ya kichupa cha kocha, nilikuwa nimepungukiwa kweli.

"Sijui," akasema. "Hakuna mwenye alikupima. Hiyo sasa hatutawahi jua."

Hilo linanichoma mpaka leo kuliko kushindwa kwenyewe. Laiti angesema ndiyo, ningemsamehe kocha. Angesema hapana, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Akasema sijui, na alikuwa mtu mkweli, nikabaki na mikono mitupu.

Kisha akaniuliza ninakula nini kwa siku. Nikamtajia. Chai ya rangi, ugali, sukuma, viazi, uji. Aliandika, akangoja niendelee, nikawa nimemaliza. Akauliza mayai. Nikasema tunauza. Maziwa? Tunauza pia. Akauliza kama kuku wetu wanakula chakula cha dukani, mama akasema ndiyo, cha gunia, kuku wa mayai hawawezi kuachwa wajitafutie.

"Basi mathe, hiyo selenium mwenye kutengeneza chakula ameshaiweka ndani ya gunia," daktari akasema. "Kuku anakula, inaingia kwa yai. Na hii chumvi ya ng'ombe iko nayo pia. Ng'ombe akila, inapita kwa maziwa kidogo kidogo, kiasi cha mtu. Huyu angekunywa maziwa na akule mayai, pengine ingetosha. Na pengine uchovu ulikuwa njaa tu."

Mama alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Niliona anavyolifunga kopo, akilizungusha kifuniko mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mayai yale tuliyauza ili nipate pesa za kununua kitu kilichokuwa ndani ya mayai yale. Maziwa tulimpa mwenye pikipiki, kisha mama akanichotea chumvi kutoka kwenye ndoo ya ng'ombe.

"Nilidhani nafupisha njia," akasema.

Hakuniambia pole. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuniambia pole kwa mdomo, na sikuitegemea. Tulitoka hospitalini tukiwa tumeachana hatua kumi. Kocha nilimpigia simu nikiwa njiani. Alisikiliza, kisha akasema labda vidonge vile vilikuwa vya mtengenezaji mbaya, anamjua mwingine. Nilikata simu. Nilikuwa nimechoka na watu wanaonipenda.

Wiki hiyo sikukimbia. Nilikamua, nikalima, nikafunga kitambaa kichwani. Majirani waliuliza matokeo, nikasema nilikuwa wa tano mzunguko wa kwanza. Barua za wale kumi zilitoka siku ya Alhamisi. Nilizisikia kwa watu dukani, sikwenda kuuliza.

Jumamosi asubuhi msichana wa mayai alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwa ndani, mezani, na mlango ulikuwa wazi. Alisema amepata. Anaenda chuo cha mafunzo mwanzo wa mwezi. Aliyasema bila kujigamba, kwa haraka, kama mtu anayeomba radhi, kisha akasema amekuja kuchukua sita zake na kutuaga.

Kwenye meza mbele yangu kulikuwa na trei mbili zimejaa. Mama alikuwa ameyaokota mayai asubuhi hiyo na kuyapangusa moja moja kwa kitambaa. Kutoka mlangoni, mtu akiwa si kipofu, angeziona.

"Hakuna mayai, mama," mama yangu akamwambia. "Kuku wamegoma."

Msichana alitazama trei, akanitazama mimi na kitambaa changu kichwani. Alikuwa mwerevu kuliko nilivyomdhania.

"Ni sawa, mathe," akasema. "Hata wao huchoka."

Akampa mama mkono, akaniambia nipone haraka, akaenda. Niliwaza kumwita. Alikuwa mtu wa kwanza mwaka ule kunipa chakula bila kuniambia kitanifanya nini, nusu ya yai lake la mwisho, nami nilimwambia sili. Lakini kinywa changu kilikuwa na uchungu, na wivu ni kitu kizito kukibeba mpaka mlangoni. Nilimwacha aende.

Mama alirudi ndani. Hakuniuliza kama nina njaa. Aliweka kikaango jikoni, akavunja yai, akavunja la pili, la tatu, la nne, akakaanga na kitunguu cha kawaida. Akachemsha maziwa ya asubuhi, yale ambayo mwenye pikipiki alikuwa akiyasubiri barabarani. Tulimsikia akipiga honi, akapiga tena, kisha akaondoka. Mama akaniwekea sahani na kikombe, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu jinsi anavyoketi mbele ya ndama mgonjwa, kuhakikisha kwamba anameza.

Nilitaka kumwambia kwamba amechelewa. Nilitaka kusukuma sahani mpaka ukutani. Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki nifikishe ishirini na saba, na hakukuwa na yai duniani la kuzirefusha. Nikala. Yalikuwa matamu sana, na utamu wake uliniudhi mno mpaka machozi yakanitoka, nikala nayo.

Sahani ilipoisha mama aliichukua, akasimama nayo jikoni akiwa amenipa mgongo, akaniuliza kama aongeze.

Nikamwambia aongeze.